Naomba ushauri: picha za matembezi ya kipupwe Kigoma

Wakuu, shikamooni wakubwa. Asubuhi napenda kutembea na simu nikipiga picha za kawaida tu: dagaa wanaoanikwa Kibirizi, akina mama wa Ujiji na madumu ya mawese. Tangu Juni moshi wa mapori yanayochomwa umetanda juu ya Ziwa Tanganyika, milima ya Kongo haionekani kabisa, na picha zinatoka zimefifia. Nipige saa ngapi, au nisubiri mvua za Novemba zisafishe hewa?

Kinachoniumiza zaidi ni watu. Nikiomba ruhusa kwanza, wanaacha kazi na kukaza nyuso. Nikipiga kwanza ndipo niombe, naona nawavunjia heshima, hasa wazee. Nyie mnafanyaje kabla ya kuwarushia wengine picha hizo?