Nimemjibu mgeni kwa kejeli kwenye grupu la kuku, kumbe swali lake hata mimi jibu sikuwa nalo. Naombeni ushauri

mfugaji_uani

Wakuu salaam. Mnisome mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe, najua nimekosea.

Mimi nafuga kuku wa kienyeji na chotara huku Chanika, sio biashara ya kutisha, ni mapenzi tu, kuku kama 60 na kamashine ka kutotolesha mayai 96, huu mwaka wa sita. Tuko kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji wa uani, watu mia mbili na kitu. Sio admini ila ndo wale wa "ngoja wakubwa waje wakujibu". Zamani nilikuwa najibu kila kitu, mtu anapiga saa sita usiku umeme umekatika mashine ina mayai ya siku ya 15 afanyeje, namwelekeza afunike na blanketi asifungue fungue, nakaa naye mpaka umeme urudi. Sasa mwaka wa sita huu maswali ni yale yale. Yai linakaa siku ngapi mpaka kifaranga atoke (21 jamani, 21!). Kwa nini kuku anakula mayai yake. Na lile ambalo nikiliona napandisha presha, "kuku anaharisha nimpe nini", basi, hakuna umri, hakuna rangi ya kinyesi, hakuna hata salamu, ukichelewa dakika tano anarusha alama za kuuliza sita.

Miezi mitatu iliyopita akaingia dada mmoja na vifaranga 50 vya kroila (aina ya kuku chotara) wa siku moja. Wiki ya kwanza peke yake aliuliza maswali kama kumi na tano hivi. Siku ya saba akaandika kuhusu kideri, ule ugonjwa wa virusi unaofagia kuku: "Samahani wakuu, hii chanjo ya kideri ya kuweka kwenye maji, natumia ya bomba au ya kisima?" Mimi niko kwenye daladala nimesimama tangu Gongo la Mboto, jasho, njaa, nikaandika: "Dada maji ni maji, kuku hasomi bili. Pandisha juu, haya yalishajibiwa." Watu wakacheka, vikatuni vya kulia machozi kama ishirini, nikajiona mjanja kweli.

Hakuuliza tena. Baada ya wiki kadhaa akalefti kimya kimya.

Juzi nimekutana na jirani yake. Akaniambia vifaranga walipofika wiki ya sita kideri ikapita mtaani, shingo zinapinda, kinyesi kijani, kati ya 50 wakabaki tisa. Nikamuuliza si alichanja? Akasema alichanja, siku ya 7 na ya 21, maji ya bomba, kutoka bombani moja kwa moja mpaka kwenye vyombo. Nikaenda kuuliza kwa afisa mifugo wa kata ndo naambiwa ile chanjo ni virusi hai waliopunguzwa makali, na dawa ya kusafishia maji ya bomba inawaua kabla kuku hajameza. Mimi miaka sita nachota kisimani, ndo maana haikuwahi kunikuta, sio kwamba nilikuwa najua.

Na kilichoniuma zaidi, usiku ule nilipandisha juu mwenyewe. Nimepekua grupu zima tangu lianze. Lile swali halijawahi kujibiwa hata mara moja.

Sasa naomba ushauri, huyu dada nimtafute nimwambie nini? Na pili, bila unafiki, wageni hawa tunaishi nao vipi maana uchovu wangu bado upo palepale.

---

Mzee Kigoda

Mtafute leo. Mengine tutaongea ukirudi.

---

Sina_Utani

Mimi nitasema ambacho wengine wanaogopa. Mleta uzi usijibebeshe msiba usio wako. Mimi nilianza kufuga hakuna simu hakuna nini, nilijifunza kwa kuzika kuku, nikitaka kujua kitu natembea mpaka kwa bwana mifugo namkuta kasafiri narudi, kesho naenda tena. Leo mtu ana dunia nzima mkononi anakuja kuuliza yai linakaa siku ngapi? Huo sio ugeni huo ni uvivu, mnawalea halafu mnalalamika hawakui. Kikaratasi cha chanjo kimeandikwa kila kitu, asome.

---

Mama Vifaranga

@Sina_Utani kikaratasi kipi baba? Mimi nimeanza mwaka juzi ngoja nikusimulie. Nimeenda duka la dawa za mifugo nina vifaranga 30, kichupa ni cha dozi mia, yule kijana akafungua boksi akanipa kichupa kimoja kwenye mfuko wenye barafu, kikaratasi kikabaki dukani kwa sababu boksi ni la vichupa kumi na kikaratasi ni kimoja. Na hata ukikipata kimekunjwa mara nane, herufi kama mayai ya chawa, kizungu kitupu. Asome nini?

Halafu hii ya "pandisha juu". Mimi nilipoingia grupu letu ukurasa ulikuwa mweupe, naanza kuona ya siku ile niliyoingizwa kwenda mbele. Nipandishe juu wapi, kwenye dari? Na ukisubiri upate ya kupandisha, unapandisha nini, maua ya asubuhi njema, mchango wa msiba, voisi noti ya dakika nne mtu anasimulia jogoo wake, katikati ya hapo ndo kuna sekunde kumi za maana.

Kingine ambacho nyie wazoefu mmesahau, mgeni hajui swali lipi ni la kijinga na lipi ni la maana. Kwake yote yana uzito sawa. Mimi niliwahi kuuliza kama taa ya bruda (pale vifaranga wanapopashwa joto) inatakiwa iwake na mchana, wakanicheka, nikaona aibu, kesho yake nilikuwa na swali kuhusu vifaranga wanavyojazana kona moja na kulaliana, nikalimeza. Walikufa saba kwa baridi. Yule dada wako unafikiri baada ya lile jibu alikuwa hana maswali mengine? Alikuwa nayo.

---

Sina_Utani

@Mama Vifaranga hapo kwenye kikaratasi nimekuelewa, sikulijua hilo. Ila uvivu upo.

---

dokta_kinyesi

Habari zenu, mimi ni daktari wa mifugo, hilo jina nilipewa na wateja wangu na limenikaa.

Mleta uzi, kwanza tusiihukumu bomba peke yake. Chanjo ya maji inaharibika njia nyingi. Inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8 tangu dukani mpaka nyumbani, mtu akiibeba mfukoni kwenye jua la saa saba anaenda kuwanywesha kuku maji matupu. Vyombo vikioshwa na sabuni au dawa ya kuua wadudu, imekufa. Vyombo vya bati, shida. Kuku wasipokaa na kiu saa moja au mbili kabla, wanakunywa kidogo na wengine hawagusi kabisa. Ikikaa bila kuisha zaidi ya saa mbili, imekwisha nguvu. Kwa hiyo inawezekana bomba, inawezekana kimojawapo ya hivyo. Ila swali lake lilikuwa sahihi mia kwa mia, na ndilo ninalotamani wateja wangu wote waniulize.

Kwa wenye maji ya bomba tu, chota jioni kwenye ndoo ya plastiki iache wazi ilale mpaka asubuhi. Pia unaweza kuweka maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, gramu 2 hivi kwa lita, ukakoroga ukasubiri nusu saa ndo uweke chanjo. Na kwa kuku wachache wa uani mimi nawashauri ile chanjo ya tone la jicho inayovumilia joto, tone moja jicho moja, unarudia kila miezi mitatu, hapo habari ya bomba na kisima haipo.

Sasa hili la "kuku anaharisha nimpe nini". Naliulizwa kila siku ya Mungu na zamani nilikuwa natukana kimoyomoyo. Siku hizi sijibu, na mimi nauliza. Matatu tu. Wana umri gani? Kinyesi kina rangi gani, tuma picha? Wamekufa wangapi tangu jana? Basi. Maana damu kwa kifaranga wa wiki nne ni habari nyingine na kijani kwa kuku mkubwa anayepinda shingo ni habari nyingine, wa kwanza ana dawa, wa pili hata ukimpa kapu zima la antibayotiki ni hasara juu ya hasara. Mtu nikishamuuliza hayo mara mbili, mara ya tatu anakuja nayo mwenyewe, "dokta wana wiki tano, kinyesi kina damu, wawili wamekufa". Hakuna aliyezaliwa anajua kuuliza, hata sisi chuoni tulifundishwa namna ya kumhoji mwenye mnyama.

---

Spoki_Mbovu

Mimi sio mtu wa kuku, mimi ni baiskeli, tuna kundi la kuendesha wikiendi na maswali ya wageni ni hivyohivyo, cheni inaruka, tairi ipi, siti inaniumiza makalio. Tulichofanya sisi ni kuwanyima wakongwe kazi ya kujibu. Anayejibu mgeni wa leo ni yule aliyekuwa mgeni miezi mitatu iliyopita. Kwanza bado anakumbuka alikwama wapi, pili anajivunia kuulizwa kwahiyo anajibu kwa roho safi, tatu akikosea ndo mkongwe anaingia kurekebisha, kazi ndogo. Mimi mwenyewe nikimweleza mtu kubadilisha tyubu naruka hatua tatu bila kujua, mkono unafanya kichwa hakipo.

Na sheria nyingine tuliyonayo ni kwamba utani ruksa, lakini baada ya swali kujibiwa. Sio kabla. Ukiwa umechoka nyamaza, atajibu mwingine.

---

Mama Vifaranga

Kunyamaza nako mkuu... watu mia mbili wamesoma wote wamenyamaza, inauma kuliko kuchekwa. Angalau andika "nimeona, niko safarini, nitakujibu usiku".

---

Spoki_Mbovu

Kweli. Nakubali.

---

kijana_mpya_01

samahani mleta uzi hyo mashine ya mayai 96 ulinunua wapi na ni bei gan na inatumia umeme mwingi?

---

Sina_Utani

MNAONA SASA??

---

mfugaji_uani

😂😂 Kijana karibu. Ni ya kichina, niliichukua Kariakoo, bei ya wakati ule nikikutajia nitakudanganya maana ni miaka minne sasa. Umeme sio mwingi kama watu wanavyoogopa, shida ni kukatika. Tafuta ile yenye sehemu ya kuunga betri. Joto 37.5, usiiamini sana ile namba ya kwenye kioo, nunua kipimajoto cha pembeni ulinganishe. Mayai yageuzwe mpaka siku ya 18 halafu unaacha. Una mtetea hata mmoja anayelalia? Kama unaye anza na huyo kwanza, habagui umeme upo au haupo.

---

kijana_mpya_01

nnao wawili. asante sana mkuu ubarikiwe

---

Mzee Kigoda

Umeshamtafuta au bado unatoa semina ya mashine?

---

mfugaji_uani

Bado mzee. Nafikiria nimpelekee vifaranga ishirini kutoka kwenye mashine yangu, wanatoka wiki ijayo, halafu nimwombe radhi kwa simu.

---

Mama Vifaranga

Vifaranga ni vizuri ila ngoja nikuulize, ulimcheka wapi? Mbele ya watu mia mbili. Sasa radhi unaenda kumpa chemba? Anza palepale kwenye grupu, hata kama yeye hayupo, uwaambie ulichokosea na jibu sahihi la maji ni lipi, maana wengine pia walilisoma lile jibu lako wakaliamini. Ukimaliza hapo ndo umpigie. Na usimwambie "pole kwa msiba wa kuku" ukaishia hapo, mwambie swali lako lilikuwa zuri na mimi ndo sikujua.

---

mfugaji_uani

Mrejesho wakuu, samahani nimekaa kimya siku tatu.

Niliandika kwenye grupu kama Mama Vifaranga alivyoelekeza. Nilitegemea kuchekwa. Kilichotokea, watu wanne wakajitokeza kusema na wao wanachanja kwa maji ya bomba, mmoja tangu 2021, amekuwa akilaumu wauza vifaranga muda wote huo. Admini kaliweka jibu la dokta (bila jina lake la ajabu) kwenye maelezo ya grupu, mgeni akiingia analikuta. Habari ya wageni wa zamani kuwajibu wageni wapya tumeanza nayo, mtu wa kwanza tuliyempa zamu kajibu swali la yai linakaa siku ngapi kwa aya tatu na picha, mimi ningeandika "21".

Dada nilimpigia. Mwanzoni alikuwa ananiitikia tu, "sawa", "sawa kaka", mpaka nikaona nimepiga bure. Nikamwambia lile swali nimelitafuta grupu zima halikuwahi kujibiwa. Akanyamaza, halafu akacheka, akasema "mimi nilijua niliuliza ujinga, mpaka nilikwenda kuificha ile chanjo mume wangu asiione nisije nikaulizwa". Vifaranga kakubali kumi, ishirini kakataa, anasema banda lake bado linamtisha. Kurudi kwenye grupu kasema ataangalia, sikumlazimisha.

Ila kabla hajakata simu akaniuliza, wale tisa waliobaki wako wazima wanakula vizuri, je hao kumi akiwaleta anaweza kuwachanganya nao banda moja? Nikafungua mdomo nijibu haraka haraka kama kawaida yangu, nikaona ngoja. Nikamwambia sijui dada, naenda kuuliza nitakurudia usiku.

Dokta upo?

---

dokta_kinyesi

Nipo. Asichanganye, aliyepona anaweza kuwa bado anatoa virusi. Kabla sijaendelea, hao tisa wana umri gani sasa, banda limeoshwa na nini, na tangu afe wa mwisho zimepita wiki ngapi?