Mjadala: Je, Japani ilikosea kumwongezea mkataba Hajime Moriyasu?

Mleta mada

Ndugu wapenzi wa soka, Desemba 2022, baada ya Japani kutolewa na Croatia kwa mikwaju ya penalti huko Qatar, Shirikisho la Soka la Japani lilimwongezea mkataba Hajime Moriyasu, naye akawa kocha wa kwanza wa timu hiyo ya taifa kuendelea na kazi baada ya fainali za Kombe la Dunia. Wapo wanaosema alibebwa na ushindi wa 2-1 dhidi ya Ujerumani na mwingine kama huo dhidi ya Hispania, na kwamba kizazi chenye wachezaji kama Mitoma, Kubo na Endo kilistahili kocha mwenye jina kubwa zaidi. Mimi nasema shirikisho halikukosea, ila sababu yangu si ushindi huo.

Moriyasu alikuwa kiungo mkabaji, mtu wa kuiona hatari na kuiziba kabla wenzake hawajaishtukia. Alijiunga na klabu ya Mazda ya Hiroshima mwaka 1987, na ni Mholanzi Hans Ooft aliyemwita timu ya taifa mwaka 1992. Tarehe 28 Oktoba 1993 alikuwa uwanjani Doha, Japani ikiongoza 2-1 na ikiwa imebakiza dakika chache tu kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Iraq ilipopata kona katika muda wa nyongeza na kusawazisha kwa kichwa. Wajapani huiita mechi hiyo msiba wa Doha. Aliyepitia hayo hafundishi soka kama mchezo wa kujifurahisha.

Mwaka 2012, akiwa hajawahi kuwa kocha mkuu popote, alikabidhiwa klabu ya Sanfrecce Hiroshima, akatwaa ubingwa wa ligi ya Japani msimu huo huo, kisha akaurudia mwaka 2013 na 2015. Alicheza na mabeki watatu, mfumo alioukuta kwa mtangulizi wake, Mihailo Petrović. Wapo wanaombeza kwa kurithi. Lakini ni makocha wangapi wamekabidhiwa nyumba nzuri wakaibomoa ili tu ionekane ni yao? Mwaka 2024, baada ya Kombe la Asia kumwendea vibaya, aliurudia mfumo ule ule, safari hii akiwapanga Mitoma na Doan, ambao ni mawinga hasa, mahali ambapo makocha waoga huweka mabeki. China ikafungwa 7-0, Bahrain 5-0 kwao, na tarehe 20 Machi 2025 Japani ikawa ya kwanza kufuzu Kombe la Dunia la 2026, ukiacha wenyeji. Oktoba mwaka huo ikaifunga Brazili 3-2 mjini Tokyo, baada ya kutanguliwa 2-0.

Mchangiaji

Ndugu mleta mada, hoja yako nimeisoma kwa heshima, lakini hilo Kombe la Asia umelipitia kama mtu anayeruka dimbwi. Japani ilifungwa 2-1 na Iraq katika makundi, kisha 2-1 na Iran katika robo fainali. Siku ya Iran beki Itakura alihangaika mbele ya macho yetu sote, kocha akamwacha uwanjani, na penalti ya dakika za nyongeza ikatokana na faulo yake. Tusisahau pia Septemba 2021, Oman ilipoifunga Japani 1-0 nyumbani kwao, pale Suita, katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Ndugu zetu wa Muscat wana haki ya kutukumbusha. Huko Qatar aliishinda Hispania akiwa na mpira kwa chini ya asilimia 20 ya muda, lakini Costa Rica, iliyomwachia mpira, ikamfunga 1-0. Na kwa Croatia aliwaacha wachezaji wajitolee wenyewe kupiga penalti. Kati ya wanne waliopiga, watatu walikosa. Hiyo ni kazi ya kocha, naye aliikabidhi kwa vijana.

Mleta mada

Kuhusu Iran sina utetezi, na yeye mwenyewe alikiri kwamba mabadiliko yake yalikuwa na kasoro. Hata hivyo, mfano wa Oman unanisaidia mimi kuliko wewe. Mwezi uliofuata alifungwa tena 1-0 na Saudi Arabia, watu wakataka afukuzwe, naye kabla ya kuikabili Australia akabadili mfumo na kumwanzisha Ao Tanaka katikati. Tanaka alifunga katika ushindi wa 2-1, na ndiye aliyefunga bao la pili dhidi ya Hispania mwaka uliofuata. Shirikisho lingewasikiliza waliokuwa wakipiga kelele, sijui kama kocha mgeni angethubutu kumwamini kijana huyo katika wiki kama ile.

Suala la penalti nakuachia, kwa sababu nimelitafutia utetezi tangu 2022 na bado sijaupata.