Yule wa baiskeli ya sabufa pale pantoni, leo kanivunjia heshima mbele za watu

Mikate_Alfajiri ameanzisha uzi:

Wakuu, simtaji jina na hana haja ya kutajwa. Kama unavuka pantoni ya asubuhi kutoka Kigamboni kwenda Feri, unamjua. Kama humjui basi umeshamsikia, maana ile sabufa inaanza kupiga akiwa bado hajatoka kwao na mabati ya majirani yanaitikia. Taa alizofunga kwenye usukani zinatosha kuongoza meli ya makontena mpaka gatini. Saidi mira sita. SITA! Mtu anakwenda kazini Posta, huko nyuma anaangalia nini? Anafuatwa na nani?

Leo huyo mtu kaishika baiskeli yangu kwa vidole viwili.

Narudia kwa wanaosoma haraka haraka. Vidole viwili.

Ilikuwa hivi. Geti limefunguliwa, tumeingia kwa kusukumana kama kawaida, nikaiegemeza Phoenix yangu pembeni kwenye vyuma, pale pale ninapoiweka siku zote, kreti la mikate liko kwenye karia, nailoni juu, kamba imekazwa. Sijamgusa mtu. Akaja yeye na mwenzake ameshika simu anamchukua video. Akaniambia, "Mzee, sogeza hiyo kitu, inaharibu picha." Kwanza mimi si mzee. Pili, "hiyo kitu" ina jina. Kabla sijafungua mdomo akaishika karia kwa kidole gumba na cha shahada, vile vingine vitatu kavinyanyua juu, kama mtu anavyomtoa panya aliyekufa nyuma ya kabati. Akaiburuta. Mikate ikatikisika.

Halafu, wakuu, halafu! Akachomoa mfuko wa nyuma kile kitambaa cha njano anachofutia rimu. Akajifuta vidole. Kimoja. Halafu kingine. Taratibu, huku ananiangalia. Mama mmoja mwenye ndoo zake za kwenda kununulia samaki akacheka mpaka akaziweka chini.

Mimi sina shida na mtu kupamba baiskeli yake. Pesa ni yake. Ila basi na tuseme ukweli kuhusu hilo dude. Kafunga betri ya bodaboda chini ya siti, si kwa ajili ya kazi yoyote, ni kulisha sabufa tu. Fremu kaizungushia solotepu ya dhahabu mpaka huwezi kujua ndani kuna chuma au mwanzi. Kwenye spoku kapachika shanga za plastiki za kila rangi, akitembea zinapiga kelele hata sabufa ikiwa imezimwa. Madigadi ya nyuma ina mpira unaofagia barabara umeandikwa WATASEMA SANA. Na taa nyekundu kaiweka mbele. MBELE! Dunia nzima taa nyeupe inakaa mbele na nyekundu nyuma, yeye kageuza kwa sababu nyekundu inapendeza kwenye video. Ukikutana naye jioni pale Barabara ya Kivukoni unadhani anaondoka kumbe anakufuata usoni.

Na katika vyote hivyo hana pampu. Nimekagua. Mira sita, pampu hamna.

Phoenix yangu ni inchi 28, bomba mbili juu, breki za vyuma, dinamo yake ile ya kugusa tairi. Inatoka Kigamboni na mzigo, inafika Kariakoo, inazunguka maduka, inarudi. Imelisha watoto wangu na imelisha chai za nusu ya mtaa. Kuna watu wanakula mkate asubuhi kwa sababu ya hilo karia alilolishika kwa VIDOLE VIWILI.

Mwenye ile klipu ailete hapa. Najua imepandishwa TikTok. Nataka watu waone hicho kitambaa.

Nyangumi wa Feri:

Bila picha hii ni chai mkuu.

Dada_wa_Kapu:

Kaka pole sana. Ila hapo kwa kufuta kimoja kimoja nimecheka mpaka bosi kainua kichwa. Namjua huyo. Mimi natumia zile za mtumba za Kijapani, zenye kapu mbele na kufuli la duara tairi la nyuma. Aliwahi kuniambia "dada, hiyo ni ya kwendea sokoni." Nikamwambia ndiko ninakokwenda, sasa wewe na taa zote hizo unakwenda harusini?

Mtoto_wa_Tungi:

Wivu tu huo. Jamaa anapendeza, anachangamsha pantoni, watu wanafika kazini wakiwa na furaha. Wewe na Phoenix yako ya kutu unataka tuangalie nini pale? Angeishika kwa mkono mzima ungekuja hapa kusema kakuibia.

Mikate_Alfajiri:

@Mtoto_wa_Tungi kutu iko wapi? Iko wapi hiyo kutu? Naipaka mafuta kila Jumapili cheni na ekseli zote. Upepo wa bahari unakula kila kitu pale ila yangu haijaliwa. Na angeishika kwa mkono mzima nisingesema lolote! Mkono mzima ni heshima. Mtu akikusaidia kusogeza mzigo anatumia mkono mzima. Huyu katumia viwili na akajifuta.

Mtoto_wa_Tungi:

Sawa mzee.

Mikate_Alfajiri:

SI MZEE.

Fundi_Kota:

Nitaongea kama fundi. Zile shanga kwenye spoku watu wanaona urembo, mimi naona hatari. Gurudumu la nyuma la hizi baiskeli kubwa lina spoku 40, la mbele 32, kwa sababu uzito wote unakaa nyuma. Spoku moja ikikatika zile jirani zinabeba mzigo wake, rimu inaanza kuyumba, unaisikia inagusa breki. Sasa ukijaza shanga huoni iliyokatika na huisikii. Kuna mmoja wa aina hiyo aliniletea gurudumu, nikatoa shanga zimejaa kopo la maziwa, chini yake spoku saba zimekufa zamani. Anauliza kama nitaweza kuzirudisha shanga kwa mpangilio ule ule wa rangi. Spoku hajauliza.

Nyangumi wa Feri:

Hahaha "kwa mpangilio ule ule." Fundi umemaliza.

Mikate_Alfajiri:

Umeona @Fundi_Kota! Na mtu huyo huyo ndiye anajifuta vidole baada ya kugusa chuma kizima cha mwenzake. Kitambaa cha njano.

Bin_Darajani:

Ndugu zangu, huku Unguja kupamba baiskeli hakukuanza leo wala jana. Kengele mbili, kava ya siti yenye mashada, vibendera, hayo tumeyakuta. Lakini mtu akikukuta umeegesha atakupigia hodi kwanza kabla ya kugusa chombo chako. Tatizo la huyo bwana si mapambo, ni malezi.

Mgosi_Mkavu:

Unguja mna kengele ila breki hamna. Niligongwa pale Darajani na mtu anapiga kengele tu, anaipiga huku ananigonga. Nikamuuliza mbona hukusimama, akasema "lakini nilipiga."

Bin_Darajani:

Na wewe ulikuwa unafanya nini katikati ya njia umekodoa macho kwenye madirisha?

Shy_Town_Boy:

Nyie wa Dar mnalialia vitu vidogo. Njooni Shinyanga muone daladala baiskeli. Abiria anakuchagua kwa karia! Kama karia yako haina godoro lenye kitambaa cha maua na vyuma vya kukanyagia vinavyong'aa, utashinda stendi mpaka jua lizame. Mimi nina mapafu ya kufika Tinde bila kupumzika, abiria kanipita kaenda kwa kijana mwenye redio, amechoka, anasukuma kwa miguu kwenye kila kilima. Abiria anatembea pembeni yake kwa miguu! Na nauli kalipa!

Dada_wa_Kapu:

@Shy_Town_Boy hapo nakuunga mkono kabisa. Anatembea na amelipa!

Okoth_wa_Mpakani:

Salamu kutoka Busia, Kenya. Hii biashara ya kubeba watu na baiskeli mpakani sisi tumezaliwa nayo kabla ya pikipiki kuja kuichukua. Zile nyeusi kubwa, blakimamba, mtu alikuwa anaweka mto wa sponji nyuma wenye nyuzi za kuning'inia, na jina la mtoto wake kwa mbele. Hakuna aliyemcheka mwenzake kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta unga. Siku hizi watu wa pikipiki ndio wanatuchapa na madharau. Anakupita akikanyaga dimbwi la maji makusudi, nimeloa mpaka kwa soksi, na anageuka kuangalia kama umeloa vizuri.

Nyangumi wa Feri:

Hao wa bodaboda tuwafungulie uzi wao. Njia ya baiskeli pembeni ya mwendokasi Barabara ya Morogoro imejengwa kwa ajili ya nani? Ukitoka Kimara unapishana na bodaboda, toroli la maji, mama wa mihogo, gari limeegeshwa, na bodaboda mwingine anakupigia wewe honi UTOKE. Kwenye njia ya baiskeli. Niko na baiskeli.

Mgosi_Mkavu:

Mwendokasi lianze lenyewe kufanya kazi. Mvua ikinyesha Jangwani maji yanafunga barabara, njia ya baiskeli mnaizungumzia ya nini?

Mikate_Alfajiri:

Wakuu turudi kwenye mada. Hivi hakuna aliyekuwepo leo? Pantoni ilijaa. Mtu mzima anavuta karia kwa vidole viwili, vitatu vimenyooka juu, na hakuna aliyesema neno? Hata yule wa tiketi aliona.

Kipara_Ngoto:

Nilikuwepo mimi.

Mikate_Alfajiri:

@Kipara_Ngoto ENHEE. Waambie.

Kipara_Ngoto:

Nilikuwepo ila nilikuwa naangalia foleni ya magari. Kuna jamaa kachomekea na Noah yake mbele ya gari la wagonjwa, watu wakaanza kupiga kelele. Hiyo ndiyo ilikuwa habari ya leo pale. Baiskeli sikuona. Sabufa nilisikia.

Mtoto_wa_Tungi:

Hahahaha shahidi wa upande wa mashtaka huyo.

Dada_wa_Kapu:

Mbele ya gari la wagonjwa? Huyo wa Noah alitoka wapi? Hiyo ndiyo ya kufungulia uzi sasa.

Kipara_Ngoto:

Huyo wa Noah akashusha dirisha akasema na yeye anawahi. Yaani mgonjwa yuko ndani amelala na dripu, yeye anawahi kikao.

Babu_Swala:

Vijana, mnakumbuka Swala? Baiskeli iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Ilikuwa nzito, ukiipakia gunia la mkaa ndiyo inatulia barabarani. Pambo letu lilikuwa kuifuta tu, na riflekta moja nyuma. Na tulikuwa tunalipa kodi ya baiskeli, mgambo anakusimamisha njiani, huna risiti anabaki nayo, unarudi nyumbani kwa miguu kumweleza mkeo. Huyo wa taa nyekundu mbele angekutana na mgambo wa enzi zile asingefika hata sokoni.

Mikate_Alfajiri:

Shikamoo mzee. Umesema kweli tupu. Sasa wewe ungefanyaje mtu akiishika Swala yako kwa vidole viwili?

Babu_Swala:

Marahaba. Asingeweza, ilikuwa haiburuziki kwa vidole viwili.

Nyangumi wa Feri:

😂😂😂 Kwisha habari. Kumbe Phoenix ni nyepesi.

Mikate_Alfajiri:

Ilikuwa kwenye vyuma vilivyolowa! Sakafu ya pantoni ina maji ya chumvi muda wote, hata gari linateleza! Na ana kitambaa cha njano, nani anatembea na kitambaa!

Buja_Kinama:

Mimi niko Bujumbura nawasoma tu. Huku wanaoleta ndizi kutoka milimani wanashuka na mikungu inayoficha baiskeli yote, unaona ndizi tu zinakuja mbio. Wakirudi juu wanashika nyuma ya lori, watatu wanne kwa pamoja, mkono mmoja. Hakuna pambo hata moja ila ukisimama kuwaangalia unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Huyo wenu na mira sita aje ajaribu kona moja tu.

Shy_Town_Boy:

Mira sita zingemsaidia kuona ndizi zinakuja.

Fundi_Kota:

Tukiwa hapa hapa, kuna mtu anajua duka lenye kotapini za kweli, zile pini za kukazia mkono wa pedeli? Hizi mpya za Kariakoo ni laini mno. Unaipiga nyundo leo, wiki ijayo mkono wa pedeli unacheza, mteja anarudi anasema fundi mwizi. Mimi sijaiba, kimeiba chuma.

Mgosi_Mkavu:

Kotapini zote siku hizi ni hivyo. Na spoku. Na mipira ya breki. Nilinunua tyubu mpya ikiwa na kiraka ndani ya boksi. Kiraka cha kiwandani!

Dada_wa_Kapu:

Ya kwangu ilikuja na matundu mawili, wakaniambia moja ni la kupumulia.

Mikate_Alfajiri:

Nitakuwa pale kesho asubuhi, mahali pale pale kwenye vyuma. Siisogezi. Asiyeamini aje.

Babu_Swala:

@Fundi_Kota ninazo kotapini za zamani kwenye kopo, za Swala iliyokufa. Ngumu kweli kweli. Ila unene zimetofautiana, uje na mkono wa pedeli tupime.

Fundi_Kota:

Mzee shikamoo. Uko wapi nije leo hii hii?

Mgosi_Mkavu:

Na mimi mniwekee mbili. Kulia na kushoto.

Fundi_Kota:

Kotapini haina kulia na kushoto mkuu, ni namna ya kuipiga. Ndiyo maana zako zinacheza.