Tupeane uzoefu: mwili ulipokugomea huku unajikaza, ulifanyaje?

Mleta mada, dereva, Mbeya

Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva wa semi, Tunduma–Dar, mwaka wa kumi na moja sasa. Hii habari sijawahi kuiandika popote.

Miaka miwili nyuma nashusha mlima Kitonga usiku na mzigo wa shaba. Kona ya tatu breki za tela zikaanza kunuka, geji ya upepo inashuka naiona kwa macho. Nikabaki gia nzito, breki ya injini inalia hadi chini. Tulifika Mahenge salama. Tingo akacheka, nikacheka, Ruaha Mbuyuni tukala tukalala. Nikadhani limeisha.

Safari iliyofuata nimefika Ilula tu, mteremko bado, pale kwenye matenga ya nyanya. Viganja vikalowa jasho. Moyo unagonga kama mtu anayevunja mlango, mguu wa kulia unatetemeka wenyewe juu ya pedeli. Nikapaki. Kichwani sikuwa nawaza Kitonga hata kidogo. Siku chache baadaye nyumbani Sae, mke wangu kaweka sado ya nyanya mezani, moyo ule ule. Nyanya, wakuu! Baba wa watoto watatu naogopa nyanya.

Mama mkwe akasema nimechezewa. Mimi nikaanza kujipoza na kinywaji Mafinga, upuuzi ambao siutetei. Mwishowe nikaenda zahanati. Wakapima presha, sukari, moyo, vyote vizuri. Tabibu akauliza, "Kabla ya kona zile, kitu cha mwisho kukiona barabarani ni nini?" Nikamwambia nyanya. Akatabasamu. Akasema ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ndogo, kila upande moja, zenye umbo la lozi, zinaitwa amigdala. Kazi yake ni kupiga king'ora. Usiku ule zilihifadhi hatari pamoja na kila kilichokuwa karibu nayo, na king'ora hulia kabla sehemu ya mbele ya ubongo, hii ya nyuma ya paji la uso inayopima mambo, haijapata nafasi ya kusema "hizi ni nyanya tu".

Kumbe muda wote nilikuwa najitukana, "jikaze, wewe mwanaume", nagombana na kitu kisichosikia matusi.

Sasa nikifika Ilula napaki kwa makusudi. Nashuka, nagonga matairi yote kwa chuma moja baada ya jingine, navuta pumzi fupi na kuitoa taratibu hadi iishe. Nasubiri moyo ushuke, ndiyo naondoka. Sikwepi nyanya, nanunua. Safari za mwanzo nilikaa pale karibu saa nzima. Siku hizi dakika kumi.

Karibuni. Wewe mwili ulikugomea wapi, na ulifanyaje?

Mama Kwaya, Uyole

Pole baba. Mimi lilinishika tumboni. Mume wangu alipofariki sikulia msibani, watu wakanisifu kwa ujasiri. Baada ya arobaini chakula kikawa hakishuki. Nikila ugali vijiko vitatu tumbo limejaa, linaungua. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo miezi minane, nikaja kupigwa kipimo cha mpira unaoshushwa kooni, tumbo safi halina kidonda. Nililia pale pale kwenye benchi, nadhani ndicho kilio cha msiba chenyewe.

Kilichonirudisha ni kwaya ya kina mama. Naimba sauti ya pili. Nilianza kuona kwamba Alhamisi, siku ya mazoezi, usiku nakula vizuri. Sikuelewa kwa nini Alhamisi tu. Anayejua anisaidie.

Nesi wa Tukuyu

Mama Kwaya, ndaga fijo, asante sana, kwa kusema hilo la msibani. Ngoja nijaribu.

Ubongo ukihisi hatari, tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinamwaga kemikali iitwayo adrenalini. Moyo unaenda mbio, ini linaachia sukari, damu inapelekwa kwenye misuli ili ukimbie au upigane. Kusaga chakula kunaahirishwa, maana anayekimbizwa hana haja ya kusaga ugali. Mtafiti mmoja Mmarekani, Walter Cannon, aliwahi kuangalia matumbo ya paka kwa eksirei, akaona paka akitishwa tu, tumbo linaacha kujikunyata. Mama, tumbo lako lilikuwa tumbo la yule paka, ila kwa miezi.

Adrenalini huisha haraka. Kuna nyingine, kotisoli, hiyo hukawia, na mawazo yakiwa ya kila siku nayo humwagika kila siku.

Alhamisi sasa. Kuna mshipa wa fahamu unaitwa vagasi, unatoka kwenye shina la ubongo, unapita shingoni hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni. Huo ndio breki. Unapotoa pumzi, unakandamiza moyo upunguze mwendo. Ukivuta, unaachia kidogo. Jishike kifundo cha mkono, mapigo yanapodunda, utayasikia. Na kuimba ni nini kama si kuvuta pumzi fupi na kuitoa ndefu mstari mzima? Dereva naye anafanya hilo hilo pale Ilula bila noti.

Onyo la kinesi: si kila moyo unaokwenda mbio ni hofu. Upungufu wa damu hufanya hivyo, tezi ya shingo nayo pia. Kapimeni kwanza, kama mleta mada alivyofanya.

Mzee wa Kihesa

Kamwene. Sisi tulizika, tukalima, tukanywa ulanzi, hatukuwa na hizo lozi.

Mleta mada

Kamwene mzee. Mlikuwa nazo. Ila msibani mlilala wiki nzima ukumbini na watu, hamkuachwa peke yenu kwenye kabini.

Mzee wa Kihesa

Hapo umenena.

Viazi Mviringo, Njombe

Mimi si hofu, ni hasira. Msimu ule viazi vilishuka bei, dalali anataka lumbesa, gunia linapandishwa kichwa hadi linafanana na mtu aliyebeba mtoto mgongoni, na bei ile ile. Kikoba kinanidai. Nalala masaa matatu tu kwa usiku, alfajiri niko shambani. Siku moja mwanangu wa miaka sita akamwaga chai. Chai tu. Nilichomfanyia sitaandika hapa. Macho yake bado nayaona.

Dada yangu ni mwalimu, akaniambia usingizi ukikosekana ile sehemu ya mbele aliyotaja mleta mada ndiyo inachoka kwanza, king'ora kinabaki bila mwenye nyumba. Nilimbishia. Lakini nilipopangiwa marejesho upya na kuanza kulala masaa saba, chai imemwagika mara nyingi tu na tumefuta meza.

Mtoto nilimwomba radhi. Baba yangu angenicheka.

Mwanachuo, Iringa

Mimi ilikuwa chumba cha mtihani, naisoma karatasi siioni. Rafiki alinifundisha kunawa uso kwa maji baridi huku nimebana pumzi kidogo, moyo unapungua kweli. Na maji ya bomba ya Iringa mwezi Juni hayahitaji friji.

Nesi wa Tukuyu

Ni kweli, uso ukiguswa na baridi mwili unafanya kama umezama majini, moyo unapunguza kasi. Wenye ugonjwa wa moyo msijaribu.

Mama Kwaya, Uyole

Nimejishika kifundo cha mkono kama nesi alivyosema, nikaimba ubeti mmoja. Mjukuu kauliza bibi unafanya nini. Nimemshika naye, tumehesabu pamoja.

Mleta mada

Niko Ilula, tela ina shaba, ukungu umeanza. Nimenunua tenga dogo. Matairi nimegonga kumi na nne, yamebaki manane.