Tupeane uzoefu: ulisoma sosyolojia, anthropolojia, siasa... kazi uliipataje?

Jambo zenu bandugu. Kila mwaka vyuo vyetu, hapa Goma UNIGOM na ULPGL, na kule Bukavu UCB na ISDR, vinatoa wenye lisansi, halafu ukisema ulisoma sosyolojia mutu anakuangalia tu. Daktari anajua pa kwenda, sasa siye? Tuambiane ile ya kweli, si ya kwenye CV.

Mtoto wa Ndosho: Mimi niliingilia kwenye ankete, ile kazi ya kuuliza watu maswali ya utafiti. Ulikuwa unapewa tableti yenye Kobo, programu ya kujazia majibu, unashuka tereni kwenye watu wenyewe, unazunguka kambi za waliokimbia vita mpaka jioni, malipo kwa siku, mkataba hakuna. Wengi walikuwa wanajaza majibu tu wapite, mimi nikamwambia msimamizi lile swali la "mkuu wa familia" linawachanganya wajane, wengine wanamtaja shemeji mwenye hakai hata pale. Kesho yake akaniita tupange upya fomu nzima. Tangu hapo naitwa kwa kutunga maswali na kusafisha data, si kutembea tu.

Dada wa Kadutu: Usidanganye watoto kaka, kazi ya ankete haikai. Nimefanyia watafiti wa Ulaya, nimepanda milima yenye wao hawapandi, nimetafsiri mahojiano yote, ripoti ikatoka jina langu halimo!! Siku hizi kabla ya kusaini nauliza jina litaandikwa wapi, na kama njia imeharibika nani analipa kunitoa huko.

Wa Butembo: Mimi kazi niliipata kwenye Ebola ya 2018 mpaka 2020. Wakubwa walikuja na magari na dawa, watu wakakataa, ju wafu wao walikuwa wanazikwa na watu wenye hawajulikani, wamevaa kama wa mwezini. Wakatafuta mwenye anaongea Kinande, lugha ya huku kwetu, na mwenye anaweza kukaa na wazee akasikiliza bila haraka. Anthropolojia yenye walinicheka nayo nyumbani ndo ikanilisha. Ugonjwa uliisha, kazi nayo ikaisha, ila wale niliofanya nao bado wananipigia simu.

Mama wa Himbi: Hizo ni za zamani jamani. 2025 Marekani ilikata pesa za USAID, shirika lake la misaada, mabenki hapa Goma yakafunga milango ju ya vita, ma-ONG, yale mashirika ya misaada, yakapunguza watu, na mimi niliyefanyaka ufuatiliaji wa miradi nikawa shomeri, bila kazi, kama wengine. Sasa naandikia vikundi vya wamama miradi yao, halafu nikamwendea mfanyabiashara mmoja wa unga, nikamwambia nitakuulizia wateja kwa nini wanakukimbia. Kumbe si bei, ni kijana wake wa kupima, hawamwamini. Akalipa vizuri. Ni ankete ile ile, bosi tu ndo amebadilika.

Mtoto wa Ndosho: Mama hiyo nimeipenda. Ulimtoza kwa siku ao kwa kazi nzima?

Mama wa Himbi: Kazi nzima, nusu mbele. Ukisema kwa siku atakuambia siku mbili zinatosha.