Nimebadili simu, leo siku ya tano: niirudishe dukani au niizoee?

SindanoNaUzi (Jumatano, saa 2 usiku)

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na naomba mnisome hadi mwisho kwa sababu nimebakiwa na siku mbili tu za kuamua.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona nguo za kike. Simu yangu ya zamani nimekaa nayo miaka minne na nusu. Mwezi uliopita ilianguka kwenye saruji, kioo kikapasuka na upande wote wa kushoto hausikii kidole. Nikajibana, nikamtumia kaka yangu 390,000, akaninunulia mpya Kariakoo Ijumaa na kuituma kwa basi usiku uleule. Kampuni siitaji, sitaki uzi ugeuke ugomvi wa mashabiki. Ni Android kama ile ya zamani. Boksi limeandikwa RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB, ukubwa 128GB, betri 5000mAh. Dukani walimwambia ikiwa na tatizo irudi ndani ya siku saba wabadilishe. Maana yake mwisho keshokutwa.

Mazuri yapo na nayasema. Kioo ni kikubwa, mteja akinitumia picha ya mshono naona hadi mahali zipu ilipoanzia. Nikiwa barazani juani nasoma ujumbe bila kuziba kwa kiganja. Sauti naisikia hata cherehani ikiwa inakimbia.

Lakini haya yananinyima usingizi:

Chaji. Naichomoa saa 12 asubuhi ikiwa 100, saa 9 alasiri iko ishirini na kitu. Mgongo unapata moto hadi nausikia kupitia mfuko wa aproni. Ile mbovu ilikuwa inanifikisha saa 1 jioni.

Bando. Nilijiunga GB 4 za wiki Jumamosi, Jumapili mchana zimekwisha. Sikuangalia video hata moja.

Rangi. Hili linaniumiza kikazi. Nilipiga picha kitenge cha damu ya mzee nikaweka status. Mteja akaja, akatazama kitambaa, akatazama simu yake, akasema "hiki sicho nilichokiona". Kwenye picha kimekuwa chekundu cha kuwaka. Akaondoka.

Alama ya kidole inanikataa mara nne kati ya tano.

Kubwa kuliko yote, WhatsApp. Niliweka laini kwenye simu mpya, nikaingiza namba, ikaniambia bakapu (nakala ya akiba) ya mwisho ni ya miezi saba iliyopita. Vipimo vya wateja wangu vimo humo, wengine huniachia kwa sauti: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Nina nguo kumi na moja za sherehe ya tarehe 20, na vipimo vya sita sina mahali pengine popote.

Niirudishe?

BabaPendo

Rudisha kesho asubuhi. Simu mpya haipati moto. Ukishapita siku saba hutasikilizwa na mtu.

Kijana_wa_Ngerengere

Dada pole. Hukuichaji masaa nane kabla ya kuiwasha, ndiyo maana. Izime, ichaji usiku kucha, irudie mara tatu. Betri itafunguka.

FundiSimu_Msamvu

Dada yangu, usirudishe kwanza. Mimi natengeneza simu mwaka wa kumi na moja sasa, na malalamiko haya naletewa kila wiki.

Kijana wa Ngerengere, samahani mdogo wangu, hayo ya masaa nane yalikuwa ya betri za zamani za nikeli. Hizi za lithiamu hazifunguki kwa kuchajiwa mara tatu. Tena hazipendi kushinda kwenye moto.

Simu mpya siku za mwanzo inafanya kazi usizoziona. Programu zote zilizokuja nayo zinajisasisha, picha zako zinashushwa na kupangwa upya, akaunti ya Google inaleta namba na barua pepe. Hapo ndipo moto unapotoka na hapo ndipo GB zako 4 zilipokwenda. Kwa hiyo chaji na bando ni jambo moja kwako.

Fanya hivi. Ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda setingi, kusasisha programu weka Wi-Fi pekee. Halafu Google Photos, zuia isipandishe picha kwa data. Halafu WhatsApp, zuia video zisijishushe zenyewe.

Usiku wa leo nifanyie jaribio moja. Ichaji hadi 100, chomoa, weka ile alama ya ndege, lala. Asubuhi nitajie imebaki ngapi. Ikishuka mbili, tatu, hata nne, betri ni nzima. Ikishuka ishirini ikiwa imelala bila mtandao, hiyo ni mbovu na nitakuwa wa kwanza kukuambia rudisha.

WhatsApp usiiguse. Usiifute, usiingize namba tena kwenye simu yoyote, hadi nikuelekeze.

Mama_Vitenge_Tanga

Shoga yangu, mimi nauza vitenge mtandaoni, la rangi niachie. Kwa kuwa mteja aliiona kwenye simu yake yeye, kioo chako hakina kosa, ni kamera. Ukifungua kamera kuna kialama kimeandikwa AI, au nyota nyota. Kizime. Hicho kinachukua rangi na kuizidishia ili picha za chakula na maua zipendeze. Kwa kitambaa ni hasara. Na ule urembo wa uso nao uzime, unalainisha hadi nyuzi za kitambaa hazionekani.

Usipige chini ya taa ya ndani. Tandika kitenge karibu na mlango, mwanga wa nje ukiingia lakini jua lisikipige moja kwa moja. Weka karatasi nyeupe pembeni. Kama kwenye picha karatasi ni nyeupe, rangi zingine nazo ni za kweli. Ikiwa ya njano au ya bluu, rudia. Mimi kila mzigo mpya naanza na hiyo karatasi.

Damu ya mzee na zambarau ndizo zinazosumbua zaidi. Andika jina la rangi chini ya picha, mteja asibahatishe.

Mzee_wa_Tabata

Nyongeza kwa mleta uzi. Hiyo RAM 8GB ikague. Ingia setingi, "Kuhusu simu". Nyingi za bei hiyo utakuta 4GB + 4GB. Nne za kwanza ndizo RAM, nne za pili simu inazikopa kwenye ile 128GB, na mwendo wake hauwezi kulingana na RAM yenyewe. Si lazima iwe wizi, mara nyingi boksi limeandika kwa herufi ndogo. Lakini ujue ulichonunua, usije ukailaumu ikianza kuganda ukifungua vitu sita kwa pamoja.

Kidole: sajili kilekile mara mbili, kama vile ni vidole viwili tofauti. Mafundi wa nguo ncha zenu zimeota sugu kwa sindano na mkasi, mistari inafifia. Jaribu pia kidole usichoshikia sindano.

SindanoNaUzi (Alhamisi, saa 1 asubuhi)

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeamka nikakimbilia simu kabla ya kuwasha jiko. Nililala ikiwa 100, nimeikuta 97.

Mzee wa Tabata, ni kweli, 4+4. Nimeangalia boksi kwa makini, kuna kinyota na maandishi madogo kama punje za ufuta. Nimejua sasa.

Fundi, nisaidie WhatsApp. Simu ya zamani inawaka, lakini WhatsApp yake imejitoa, inadai namba upya.

FundiSimu_Msamvu

97 ni betri nzima. Moto wa moyo uushushe.

Sikiliza sasa. Kule kwenye simu ya zamani mazungumzo hayajafutika, yamefungiwa tu. WhatsApp ya Android kila usiku saa 8 inajiwekea nakala ndani ya simu yenyewe, na inatunza za siku saba hivi. Hiyo haihusiani na bakapu ya Google. Ya Google ilikwama pengine kwa sababu zile GB 15 za bure zimejaa, maana siku hizi bakapu ya WhatsApp nayo inahesabiwa humo.

Kwanza, mazungumzo ya siku hizi tano yaliyo kwenye simu mpya yatapotea, kwa hiyo kila kilicho muhimu kiandike daftarini au kisafirishe kwa barua pepe. Hii usiruke.

Laini iache simu mpya. Kwenye simu ya zamani fungua WhatsApp, ingiza namba yako. Namba sita za uthibitisho zitakuja kwa SMS kwenye simu mpya, ziandike kwenye ya zamani. Ziombe mara moja tu, ukirudiarudia watakuambia usubiri masaa. Mazungumzo yatafunguka. Hapo futa WhatsApp kwenye simu mpya, iweke upya, ingiza namba, ikikuuliza chagua kuhamisha kutoka simu ya zamani. Simu ya zamani ingia setingi, Gumzo, Hamisha gumzo, skani ule mraba wa QR utakaotokea kwenye simu mpya. Ziweke meza moja, Wi-Fi zote zimewashwa, zote kwenye chaji. Bando haiguswi, zinazungumza zenyewe kwa zenyewe.

SindanoNaUzi

Fundi, upande wa kushoto haugusiki. Namba 1, 4 na 7 nitazibonyezaje?

Kijana_wa_Ngerengere

Dada hili nalijua maana yalinikuta. Nunua kiwaya cha OTG, kile cha kuunganisha vifaa vya kompyuta na simu, chomeka mauzi (kipanya) ya kompyuta kwenye simu. Kitatokea kimshale, unabonyeza popote. Simu nyingi zinakubali. Hakikisha tundu, ya zamani itakuwa ile ndogo, si Type-C.

FundiSimu_Msamvu

Hapo kijana umeongea. OTG ninayo na mauzi ninayo, dada, niko Msamvu karibu na stendi, pita uazime bure. Na jambo moja ambalo nilipaswa kukuambia jana. Bonyeza \*#06# kwenye simu mpya. Zitatokea IMEI (namba za utambulisho wa simu) mbili kwa kuwa ni ya laini mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi na kwenye kadi ya garantii. Halafu tuma IMEI kwa SMS kwenda 15090, utajibiwa ni simu gani. Tangu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia Juni 2016, hakuna mteja wangu anayenunua simu bila kufanya hivyo.

SindanoNaUzi (Alhamisi, saa 6 mchana)

Wakuu, mikono inanitetemeka. Nimeziandika kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia, ya simu juu, ya boksi chini, nikazifuata tarakimu moja moja. Tarakimu nane za kwanza zinafanana. Zinazofuata hazifanani kabisa, IMEI zote mbili. Kadi ya garantii ina zile za boksi. 15090 wamejibu, jina la simu ndilo lenyewe.

BabaPendo

Si nilisema urudishe!

FundiSimu_Msamvu

Tulia dada. Nane za kwanza kufanana maana yake ni aina ileile ya simu, na 15090 wamethibitisha si feki. Kilichopo ni simu yako kuwekwa kwenye boksi la mwenzake. Dukani wanatoa simu za kuonyesha, mteja anachagua, boksi linachukuliwa lolote. Lakini usikubali libaki hivyo. Garantii inafuata IMEI. Kioo kikizima chenyewe baada ya miezi sita, utakwenda na kadi yenye namba za simu ya mtu mwingine na utakataliwa. Hiki ndicho cha kudai ndani ya siku saba.

Piga picha kioo kikionyesha \*#06#, pamoja na boksi, risiti na kadi. Mtumie kaka yako aende leo, asingoje kesho. Boksi na kadi mpe konda wa basi la mchana vimkute.

Mzee_wa_Tabata

Na kaka aende kwa lugha ya upole. Aseme "tumekuja kurekebisha boksi". Ukianza na "mmetuibia" wanafunga masikio.

SindanoNaUzi (Jumamosi, saa 10 jioni)

Narudi kuwapa mrejesho.

Kaka alifika dukani Alhamisi jioni kabla hawajafunga. Muuzaji alitafuta rafuni dakika kama ishirini, boksi langu likapatikana chini ya mengine, halijauzwa. Amempa kadi mpya yenye IMEI zangu na risiti ameiandikia upya. Boksi nimelipokea leo, nimelinganisha tena kwa chaki, zote zimekaa.

Jana nilikwenda Msamvu. Fundi alinipa kiti, tukachomeka mauzi, kimshale kikatokea kweli. Kuhamisha kulichukua dakika arobaini na kitu kwa sababu ya picha nyingi za mishono. Ya kwanza niliyofungua ni sauti ya mteja wa gauni la kijani: "nyonga mia moja na nne, usinibane fundi". Nimevinukuu vipimo vyote sita kwenye daftari usiku uleule.

Chaji jana imenifikisha saa 3 usiku. Moto umepungua, ila nikiongea nayo ikiwa kwenye umeme bado inapata, kwa hiyo nimeacha. Kidole cha kulia kinaendelea kunikataa, cha kushoto kinafungua.

Kitenge cha damu ya mzee nimekipiga upya mlangoni na karatasi pembeni. Nimemtumia yule mteja bila maneno mengi. Amejibu, "sawa, hicho nimekiona, nakuja Jumatatu unipime."

FundiSimu_Msamvu

Alhamdulillah. Simu ya zamani usiifute wala kuiuza kabla sherehe ya tarehe 20 haijapita. Na ile OTG yangu umeondoka nayo.

SindanoNaUzi

Fundi nisamehe, iko kwenye kikapu cha vifungo. Jumatatu asubuhi naileta.