Mansfield: wilaya, kaunti, meya wawili... nani hasa mwenye mji?

Neema_Warsop
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina miezi miwili hapa Warsop, Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Juzi nimepokea bili ya kodi ya halmashauri. Juu imeandikwa Halmashauri ya Wilaya ya Mansfield, lakini ndani mna mistari kibao: kaunti, polisi, zimamoto, hadi parokia! Nalipa watu wangapi? Halafu kazini wakisema "meya", huyu anataja jina la mwanamume, yule la mwanamke. Pia nje pana shimo barabarani, na mpangaji aliyenitangulia ameniachia godoro. Nianzie wapi?

Dereva_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Niko Mansfield Woodhouse tangu 2006, nimeendesha basi mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo mipaka ya hapa naijua kwa matairi.

Wilaya hii iliundwa 1974, Mansfield mjini, Woodhouse na Warsop zilipounganishwa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 110,000. Juu yake iko kaunti ya Nottinghamshire. Wilaya ndiyo inayokuandikia bili na kupokea hela, ila fungu kubwa kuliko yote linavuka kwenda kaunti. Watu wanaitupia wilaya lawama za bili nzima, kumbe kinachobaki kwake ni kidogo.

Kaunti ina shule, barabara, maktaba, na matunzo ya wazee na walemavu. Angalia vizuri, utaona mstari wa huduma za watu wazima: hiyo ni kazi yako wewe. Mzee unayemwogesha asubuhi, kama analipiwa na umma, analipiwa na kaunti. Wilaya ina kuzoa taka, vibali vya ujenzi, nyumba zake za kupangisha, usafi wa migahawa.

Shimo ni la kaunti. Godoro sasa, hapo ndipo Waingereza wanaponichekesha. Ukitaka lichukuliwe mlangoni, unaiita wilaya na unalipia. Ukilibeba mwenyewe hadi kituo cha taka, umeingia kwa kaunti, maana kuzoa ni kwa huyu na kutupa ni kwa yule.

Parokia usidhani ni mambo ya padri. Ni halmashauri ndogo ya kiraia. Warsop mnayo, sisi Woodhouse hatuna, ndiyo maana bili yangu ina mstari mmoja pungufu.

Bin_Sudi
Umesahau meya, mzee.

Dereva_Mstaafu
Sijasahau, nilikuwa navuta pumzi.

Wilaya nyingi za Uingereza zina meya wa kuvaa mkufu na kukata utepe. Wa Mansfield huchaguliwa na wananchi moja kwa moja tangu 2002, miaka minne minne, na ana madaraka kweli. Baraza lake la utendaji analiteua mwenyewe kutoka kwa madiwani, ambao wako 36. Madiwani wakitaka kuibadilisha bajeti yake lazima wafikie theluthi mbili. Wa kwanza alikuwa Tony Egginton, mgombea binafsi, akakaa hadi 2015. Akafuata Kate Allsop. Mwaka 2019 Andy Abrahams wa chama cha Labour akamshinda Allsop kwa kura 2. Siyo asilimia 2, kura mbili! Akachaguliwa tena 2023.

Huyo mwanamke wanayemtaja kazini nadhani ni Claire Ward, meya wa East Midlands tangu Mei 2024. Eneo lake ni Nottinghamshire, Derbyshire na majiji ya Nottingham na Derby. Yeye ni usafiri, mafunzo ya kazi, uwekezaji. Godoro lako halimhusu.

Sasa nikwambie jambo linaloniuma. Mwaka ule wa 2019 sikuwa nimejiandikisha kupiga kura. Nilijiaminisha kuwa mgeni hana kura, sikumuuliza mtu. Kumbe raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunapiga kura zote, hata za ubunge. Nyumbani tulikuwa watu wazima watatu: mimi, mke wangu, na kijana wetu. Watatu. Sikwambii tungempa nani, lakini hesabu mwenyewe.

Bin_Sudi
Ukienda kituoni beba pasipoti. Tangu Mei 2023 bila kitambulisho chenye picha hupewi karatasi. Ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubalika.

Papa_Goma
Sisi wa Kongo hatumo kwenye hiyo Madola. Mimi nalipa kodi ileile, mistari ileile, na siku ya kura nabaki nyumbani hadi nitakapopata uraia. Mzee, usiharibu tena.

Dereva_Mstaafu
Nimekusikia ndugu yangu, sijakosa hata moja tangu hapo.

Neema, usikariri sana haya yote. Desemba 2024 serikali ilitoa waraka ikisema ngazi hizi mbili, wilaya na kaunti, ziondoke, ziwe halmashauri moja moja kubwa. Somerset na North Yorkshire walishafanyiwa hivyo 2023. Mji utabaki, ofisi ndizo zitakazobadilisha vibao.

Neema_Warsop
Asanteni sana. Kwa hiyo wiki hii kaunti kwa shimo, wilaya kwa godoro. Na King's Mill, ile hospitali, ni ya nani kati yao?

Dereva_Mstaafu
Hakuna. Hospitali ni ya NHS, huduma ya afya ya taifa. Tena ardhi yenyewe iko Sutton-in-Ashfield, wilaya jirani ya Ashfield, ingawa kila abiria aliniambia "nishushe hospitali ya Mansfield".